Je, Ni Haki Kumdai Mgonjwa Subira?

Wazee wetu walituachia mithali mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza yasema, "Subira yavuta heri." Ya pili yasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Kwa kweli hazipingani, maana kuna kungoja kwa namna mbili. Mkulima aliyekwisha kupanda hungoja mvua, wala hana wa kumlaumu ikichelewa. Lakini mgonjwa aliyeambiwa na daktari kwamba hatapona bila kupasuliwa, kisha jina lake likaandikwa katika orodha na yeye akarudishwa nyumbani kwa miezi mingi, huyo hangoji mvua. Anawangoja wanadamu wenzake. Basi yafaa tuulize: je, ni haki kumdai subira?

Wengi hudhani kwamba mgonjwa wa namna hii hupoteza wakati tu. Sivyo. Mwenye ngiri hashiki jembe wala habebi mzigo. Na utumbo wake ukinaswa, kazi ambayo ingalikuwa nyepesi kwa mpasuaji hugeuka kuwa hatari ya kufa. Mfupa uliovunjika hauingoji orodha: huunga wenyewe, na ukiunga vibaya mtu huchechemea maisha yake yote. Bibi mwenye mtoto wa jicho huongozwa njiani na mjukuu, na pengine mjukuu huyo hukosa shule kwa ajili hiyo. Twaona, basi, kwamba anayengojeshwa hakosi tiba tu, bali hupungukiwa siku kwa siku na kile kidogo alichobakiwa nacho.

Wala si watu wachache. Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la utabibu The Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoimudu. Ilikadiria pia kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zahitaji upasuaji milioni 143 zaidi kila mwaka. Mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka serikali ziuhesabu upasuaji wa lazima kuwa sehemu ya huduma ya afya kwa watu wote.

Wako wasemao: fedha ni kidogo, heri zitumiwe kwa chanjo, maji safi na zahanati, kwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Neno hili lina kweli ndani yake, wala hatulidharau. Lakini hakuna chanjo imwezayo mtoto aliyekwama tumboni mwa mama yake. Mama huyo yampasa kupasuliwa saa zile zile. Akicheleweshwa, yeye au mtoto aweza kufa, au mama akabaki na fistula na kuishi kwa aibu asiyoistahili. Kwa sababu hiyo serikali ya Tanzania, kuanzia mwaka 2017, ilishika kazi ya kupanua vituo vya afya zaidi ya 300 na kuvijengea vyumba vya upasuaji, ili mama asisafirishwe mbali katika saa ya hatari. Kazi hiyo yastahili sifa.

Hata hivyo, chumba peke yake hakimpasui mtu. Yahitajiwa mpasuaji, mtaalamu wa dawa za usingizi, wauguzi, damu salama, oksijeni, umeme usiokatika, vyombo vilivyotakaswa, na kitanda cha kumlaza mgonjwa baadaye. Kikosekana kimoja, vingine vyote hukaa bure. Hospitali yenye vyumba vinne na mtaalamu mmoja wa dawa za usingizi, kwa kweli ina chumba kimoja. Watanzania walilitambua jambo hili mapema: tangu mwaka 1963 walianza kuwafundisha madaktari wasaidizi, ambao baadaye walibeba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi huko wilayani. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, na kutangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kazi yao ya upasuaji wa uzazi haikuwa duni kuliko ile ya madaktari wenye shahada. Kwa hiyo anayejenga chumba bila kuandaa watu hajapunguza foleni. Ameipa tu mlango mpya wa kusimama.

Tena, hata pale orodha isipoweza kumalizika upesi, haki yaweza kutawala ndani yake. Mwenye hatari kubwa atangulie, na walio sawa wafuatane kwa siku waliyofika. Atoaye bahasha ili jina lake lisogezwe juu pengine hujiambia kwamba hakumwibia mtu. La hasha! Amemwibia mgonjwa asiyemjua, ambaye zamu yake imerudi nyuma bila yeye kuambiwa.

Sasa twaweza kujibu swali letu. Subira ni wema mkubwa kwa mgonjwa mwenyewe, nao humsaidia kuyavumilia mateso yasiyoepukika. Lakini hakuna mwenye haki ya kumdai wema huo ili afunike uzembe wake. Awezaye kumwambia mgonjwa "Vumilia" bila kuona haya ni yule tu aliyekwisha kufanya yote yaliyo katika uwezo wake. Basi wenye mamlaka wajiulize kama bajeti yao imefanya hivyo. Wakuu wa hospitali watazame kama chumba kimelala tangu adhuhuri kwa kukosa mtu wa zamu. Nasi raia tusijitoe katika hesabu hiyo: twaweza kuchanga, kutoa damu kabla ya kuombwa, na kukataa kuinunua zamu ya mwenzetu.