Maiki Ndefu Sebuleni

Vijana fulani wa filamu walikodi nyumba Dar es Salaam ili wapige ugomvi wa mama na mwanawe. Sebule iliwapendeza: marumaru sakafuni, ukuta mzima wa kioo, dari la jipsamu. Upande wa sauti hawakuwa na wasiwasi, kwa sababu walikuwa na ile maiki ndefu yenye mrija uliotobolewa ubavuni, mafundi wanaiita shotigani, na ilikuwa imewafanyia kazi safi ufukweni. Walipofika kwenye uhariri, mama na mwana wakasikika kama wanagombana bafuni. Ikabidi waigizaji waitwe studio kuingiza sauti upya, na yule mama, aliyelia kwelikweli siku ya kupiga picha, hakuweza tena kulia vile.

Ndugu msomaji, tusiwacheke. Maiki iliyotutumikia vizuri jana ni rahisi kuiamini leo bila kuiuliza swali.

Dalili zilikuwapo tangu asubuhi. Mtu aliangusha kifuniko cha lenzi, mlio ukazunguka chumba kizima kabla ya kufa. Kijana mshika fimbo ya maiki, ambaye ndiye pekee aliyevaa hedifoni, akasema, "Kaka, naisikia nyumba kuliko mama." Mwongozaji akatazama taa za kiwango kwenye rekoda, akaona kijani tupu. "Iko poa, mdogo wangu. Tutaisafisha kwenye kompyuta." Lakini taa zile hupima ukubwa wa sauti tu, mwangwi hazina habari nao. Baadaye kila mama alipopiga hatua kando, sauti yake ilikuwa nyembamba, akirudi inanenepa. Wakadhani waya umelegea. Wakabadilisha waya, wakaendelea.

Waya haukuwa na kosa. Sauti inayoingia kwa matundu ya ubavuni hufika kwenye kiwambo kwa nyakati zinazopishana, ikajifuta yenyewe. Nje hilo ni jema, maana ubavuni kuna upepo na magari. Ndani, kinachokuja ubavuni ni maneno ya mwigizaji yuleyule, yamegonga marumaru na kioo yakarudi. Mrija unafuta baadhi ya masafa na kuacha mengine, ndipo sauti inapobadilika hovyo. Tena mrija wa sentimita 25 hausaidii kitu chini ya hezi 1,000 hivi, na huko ndiko uliko unene wa sauti ya mtu.

Kwa chumba kama kile, tafuta maiki fupi isiyo na mrija, ya aina ya haipakadioidi au supakadioidi, yaani inayosikia zaidi kinachotoka mbele yake. Wakongwe hutumia Sennheiser MKH 50, au Schoeps yenye kapsuli MK 41. Bei zake zinatisha, kwa hiyo kodi. Oktava MK-012 yenye kapsuli ya haipakadioidi ni nafuu zaidi, ila ifungie kishikizo cha mpira, maana inanasa hata kidole kinachosogea kwenye fimbo. Zote zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye rekoda.

Wala usinunue maiki ukaacha umbali. Ning'iniza maiki juu ya kichwa, sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya mwigizaji hupungua desibeli 6, mwangwi wa chumba unabaki palepale. Kama shotigani ndiyo pekee uliyo nayo, isogeze hadi ikaribie kuingia kwenye picha, kisha tandika mablanketi mazito popote kamera isipofika. Khanga haitoshi, ni nyepesi mno. Piga kofi moja katikati ya chumba, sikiliza, ongeza blanketi, piga tena.

Zima feni na friji pia. Funguo za gari ziweke ndani ya friji hiyohiyo, usije ukaondoka bila kuiwasha na kuozesha nyama ya mwenye nyumba.