Kuondoka Bila Kuaga

Aprili 2010, Lorena Ochoa aliketi mbele ya waandishi wa habari jijini Mexico City akasema anaacha gofu. Alikuwa na miaka 28. Hakuwa ameumia, na hakukuwa na kijana mpya aliyekuwa amemshusha. Alikuwa nambari moja duniani, na alikuwa ameketi hapo juu kwa zaidi ya wiki 150 mfululizo. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa: familia, na kazi ya wakfu wake unaosomesha watoto Guadalajara.

Niliposoma stori hiyo mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Sichezi gofu, sijawahi hata kushika kile kifimbo. Lakini nilijiuliza: kwani mtu ana haki ya kuacha hivi hivi kitu ambacho wengine wangeuza figo wakipate?

Ochoa alizaliwa Guadalajara mwaka wa 1981, nyumba ya kwao ikiwa jirani na klabu ya gofu. Tusidanganyane, Mexico kama hapa, gofu ni mchezo wa walio nacho. Lakini ujirani peke yake haumfanyi mtu bingwa. Alianza kucheza akiwa na miaka mitano. Akaenda Chuo Kikuu cha Arizona, na katika msimu wake wa pili akashinda mashindano 8 kati ya 10. Kisha, mwaka wa 2002, akaacha masomo na kuwa mchezaji wa kulipwa.

Hapo kwa kuacha masomo ndipo nilipoanza kumsoma kwa makini. Nina sababu zangu.

Mwaka wa 2004 akawa Mmexico wa kwanza kushinda katika LPGA, mzunguko mkuu wa gofu ya wanawake wa kulipwa. Mwaka wa 2007 akampita Annika Sörenstam kwenye orodha ya dunia, akashinda British Open pale St Andrews, mara ya kwanza kwa wanawake wa kulipwa kushindana kwenye uwanja ule wa kale, na akawa mwanamke wa kwanza kupata zaidi ya dola milioni 4 kwa msimu mmoja. Hesabu yake yote ni ushindi mara 27. Halafu kwaheri.

LPGA wenyewe walikwama. Jumba lao la mashujaa lilitaka pointi fulani, na Ochoa alizitimiza 2008. Lakini pia lilitaka mtu awe amecheza miaka 10, na yeye alikuwa na minane. Kazi ilikuwa imekamilika, ila hakuwa amekaa vya kutosha. Mlango ulibaki umefungwa mpaka 2022, sheria hiyo ya miaka ilipoondolewa, naye akaingia.

Kuna watu watakwambia kipaji ni deni. Kwamba Mexico haikuwa na mwingine kama yeye, na wasichana wa huko walihitaji kumwona kwenye runinga miaka mingine kumi. Ninaielewa hoja hiyo, lakini inamgeuza mtu kuwa ng'ombe wa ukoo, anakamuliwa na kila mwenye kikombe. Wengine watasema maisha ni yako, fanya unavyotaka. Hii nayo ni tamu sana ukiwa na miaka ishirini na kitu, ila inasahau kwamba hakuna aliyefika popote peke yake. Ochoa mwenyewe hakusahau. Alijulikana kwa kuwatembelea wafanyakazi wanaokata nyasi kwenye viwanja vya Marekani, wengi wao Wamexico, akiongea nao Kihispania kabla ya mashindano.

Sasa mimi. Nilipopata nafasi ya chuo, nyumbani kulifanywa harambee. Kuna daftari la shule, mistari ya bluu, lenye majina ya waliochanga. Mama mboga wetu ameandikwa shilingi 200. Mwaka wa tatu niliacha. Sikuwa nambari moja wa chochote, pointi zangu hazikuwa zimetimia, na sikuitisha mkutano wowote. Niliacha tu kuhudhuria, nikaendelea kujibu simu za mamangu kana kwamba niko darasani. Alikuja kujua kupitia kwa mtu mwingine.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa mifano ya watu walioacha chuo wakafaulu. Ochoa ameniharibia utetezi huo. Baada ya kutangaza, hakupotea. Wiki iliyofuata alienda Morelia, nchini mwake, akacheza mashindano ya kuaga mbele ya watu wake. Alimaliza wa sita. Hakukuwa na kombe, lakini aliyetaka kumpungia mkono au kulia alipata nafasi.

Sisi tunaita hiyo kuaga. Mgeni hainuki tu akatoka. Anasema, "Basi mimi niende sasa," mwenyeji anamwambia bado mapema, wanavutana kidogo, kisha anasindikizwa mpaka langoni. Si kwamba anaomba ruhusa. Kila mtu anajua ataenda. Lakini anayebaki amepewa nafasi ya kusema lake. Nadhani deni letu kwa waliotubeba ni hilo. Hatudaiwi kukaa milele. Tunadaiwa kuwatazama usoni tunapoondoka.

Utasema ni rahisi kuaga ukiwa na mamilioni benki. Kweli kabisa. Kuacha ukiwa umeshinda ni anasa, na watu hukupigia makofi. Mimi ningeaga nikiwa mikono mitupu. Lakini kuaga hakuna bei, na aliyetoa 200 akiwa na kidogo alistahili kuambiwa kuliko shabiki yeyote wa gofu.

Bado naamini sikukosea kuacha. Nilikosea kutoweka.

Daftari liko kwa mamangu, kwenye sanduku la nguo. Desemba nikienda nyumbani nitalitoa nianze na mama mboga. Kila nikipita kibandani pake huniuliza nitamaliza lini, nami humwambia karibu. Safari hii nitamwambia niliacha, na kwa nini. Anaweza kunikaripia mbele ya wateja. Ni nafasi yake ya kusema lake, na nimemnyima kwa miaka minne.