Vyombo Kumi na Sita, Rubani Mmoja

Bili ya seva ilikuja Jumatatu. Niliilipa bila kinyongo kwa sababu grafu ilikuwa inapanda, na mtu aliyekodolea macho grafu inayopanda hana habari na bili. Nilikuwa nimekodi mashine yenye prosesa nyingi kwa siku tatu usiku na mchana, kazi yake ikiwa moja tu: kufundisha programu kutua mwezini.

Mwezi wenyewe ni wa kuchora. LunarLander ni mchezo mdogo ambao anayeanza kujifunza ufundishaji wa mashine kwa tuzo ni nadra kuukwepa. Chombo kinashuka kutoka juu ya skrini, chini kuna vilima, na kati ya bendera mbili kuna uwanja wa kutua. Programu inayojifunza, ambayo wenye fani huiita wakala, husoma namba 8 kila hatua: chombo kiko wapi, kinakwenda kasi gani, kimeinama kiasi gani, miguu imegusa chini au bado. Kisha anachagua jambo moja kati ya 4: atulie, awashe injini ya kushoto, ya kulia, au ile kubwa ya chini. Akitua salama anapewa alama 100, akianguka anakatwa 100, na kila anapowasha injini anatozwa kidogo. Hakuna anayemwambia namna ya kutua. Anaanguka, anaanguka tena, mpaka ajue.

Kuanguka huko ndiko kunakokula siku. Tena kuna tatizo la pili, lililofichika zaidi: hatua mbili zinazofuatana hufanana mno. Chombo kilichoinama kushoto sasa hivi, kufumba na kufumbua bado kimeinama kushoto. Ukimlisha wakala mfululizo wa namna hiyo tu, anazama katika kuinama kushoto na kusahau mengine aliyokwisha kuyajua. Watafiti wa DeepMind waliofundisha kompyuta kucheza michezo ya Atari walilitatua kwanza kwa kujenga ghala la kumbukumbu lenye hatua milioni 1, wakawa wanachota humo bila mpangilio. Mwaka 2016 wakaja na njia nyingine, A3C, isiyohitaji ghala: wachezaji 16 kwa mpigo ndani ya kompyuta moja, kila mmoja na mchezo wake. Huyu ndiyo kwanza anaanza, yule yuko katikati, wa tatu anakaribia kufa. Ukiyachanganya wanayoyaona, kule kufanana kunavunjika.

Mimi niliondoka na ile 16.

Na tamaa ilizidi niliposoma kazi ya mwaka 2021 iliyofanywa na watafiti wa ETH Zurich na NVIDIA. Walifundisha roboti wa miguu minne, ANYmal, kutembea. Waliweka maelfu ya roboti wa kuigiza ndani ya kadi moja ya michoro, wakienda wote pamoja, na kwenye ardhi tambarare mafunzo yakamalizika kwa chini ya dakika 4. Kwenye ardhi korofi, dakika 20. Ukishasoma hivyo, kukaa na chombo kimoja kinachoanguka pole pole kunaonekana ni ushamba.

Basi nikaandika programu yangu mwenyewe. Maktaba zilizokwisha kujaribiwa na watu wengi zilikuwapo, za bure, lakini kiburi nacho kina gharama zake. Mchakato mkuu ulijigawa mara 16. Kila mtoto alibeba nakala ya wakala, akacheza, akaleta alichokusanya, nikavijumlisha vyote kuwa funzo moja. Kaunta ya hatua ikaanza kukimbia kama mita ya teksi. Baada ya siku tatu ilisoma milioni 8.

Wakala hakuwa anajua kutua. Mara alining'inia hewani mpaka muda ukaisha, mara alijibwaga pembeni ya bendera. Grafu ilipanda, ndiyo, lakini ilipanda kwa kiasi ambacho ungekitegemea kwa mtu aliyefundishwa kidogo sana, siyo kwa aliyefundishwa hatua milioni 8.

Nilimwita dada mmoja wa kazini, aliyenitangulia miaka mingi katika kazi hizi. Hakuuliza habari ya hesabu wala ukubwa wa mtandao wa neva wa wakala. Aliomba jedwali la matokeo. Lilikuwa na safu tatu: wastani wa alama za vyombo 16, alama ya chini kabisa, na alama ya juu kabisa. Safu zote tatu zilikuwa na namba ile ile, mstari kwa mstari, hadi desimali ya mwisho. Nilikuwa nimeziona siku ya kwanza. Nikajipongeza kwamba mawakala wangu wametulia, hawapishani.

"Fungua madirisha," akasema.

Nikayafungua yote 16, nikayapanga manne kwa manne. Vyombo vikatokea juu pamoja. Vikainama kushoto pamoja. Injini za kulia zikawaka kwa sekunde ile ile, moshi ukatoka sawia, na vyote vikagonga kilima kile kile, mguu wa kushoto ukitangulia. Ungedhani ni gwaride la sikukuu.

"Hivi ni vingapi, mdogo wangu?"

"Kumi na sita, dada."

"Mimi naona kimoja."

Kosa lilikuwa katika mstari mmoja wa programu, tena mstari niliouandika kwa nia njema. Kompyuta haibahatishi kwa kweli. Hupewa namba ya kuanzia, mbegu, na kutoka hapo huzalisha mfululizo wa namba zinazoonekana ni za kubahatisha. Mbegu ile ile, mfululizo ule ule; ndiyo maana tunaipanda kwa makusudi, ili jaribio la leo liweze kurudiwa kesho. Mimi nilipanda 42, kama waandishi wengi wa programu wanavyofanya, kwa mzaha uliotokana na riwaya ya Douglas Adams. Niliipanda kabla mchakato haujajigawa. Kwenye Linux, mchakato ukijigawa, mtoto hurithi kumbukumbu ya mzazi kama ilivyo, pamoja na mahali mfululizo ule ulipofikia. Watoto wangu 16 walizaliwa kila mmoja na karata zile zile, zimepangwa vile vile. Vilima vilifanana. Msukumo wa mwanzo ulifanana. Hata pale wakala alipotakiwa kubahatisha hatua ili ajaribu jambo jipya, wote walibahatisha lile lile.

Na hakuna kilichovunjika. Hapo ndipo ubaya wa kosa hili ulipo: hakuna herufi nyekundu, programu haisimami. Wastani wa vitu 16 vinavyofanana ni kitu kile kile, kwa hiyo nilikuwa naonja sufuria moja kwa vijiko 16 na kuandika kwamba nimeonja mara 16. Zile hatua milioni 8 zilikuwa laki 5. Nyingine zote zilikuwa umeme na kodi ya mashine.

Marekebisho yalichukua chini ya dakika moja: kila mtoto anapozaliwa anapanda mbegu yake, 42 jumlisha namba yake, hivyo 42, 43, 44 na kuendelea mpaka 57. Maktaba nilizozidharau hufanya hivyo zenyewe. Safu tatu za jedwali zikaachana siku hiyo hiyo.

Nilirudi kwenye ile kazi ya roboti, safari hii nikiisoma kwa utulivu. Maelfu yao hawakuwa pacha. Wengine waliwekwa kwenye miteremko, wengine kwenye ngazi, wengine kwenye ardhi isiyo sawa. Utelezi wa sakafu ulibadilishwa, walisukumwa wakiwa wanatembea, na aliyeshinda ardhi yake alihamishiwa iliyo ngumu zaidi. Yote hayo yalikuwa kwenye kurasa zile zile nilizozisoma mwanzo. Jicho langu lilitua kwenye idadi na dakika.

Hapo nilidhani nimemaliza, kumbe michezo 16 isiyofanana ina shida yake: haiishi pamoja. Mmoja ukiisha, maktaba nyingi, na programu yangu pia, huuanzisha upya papo hapo ili wengine wasisubiri, na hali unayokabidhiwa inakuwa ya mchezo mpya, siyo ya mwisho ya ule uliokwisha. Mimi niliziunga hali hizo mbili kana kwamba moja inazaa nyingine. Tena LunarLander hukatwa baada ya hatua 1,000, na nilihesabu kukatwa huko kuwa sawa na kifo, wakati chombo kilikuwa kizima hewani, muda tu ndio umeisha. Kuchanganya kifo na kukatwa kuliwasumbua watu kiasi kwamba mwaka 2022 Gym, maktaba ya michezo kama LunarLander, ilibadilisha majibu yake ili mchezo uliokwisha na mchezo uliokatwa viripotiwe mbali mbali. Programu nyingi za zamani zilivunjika kwa mabadiliko hayo. Mimi naona yalichelewa.

Kama una mafunzo ya namna hii yanayokimbia sasa hivi, usingoje yaishe. Chukua michezo miwili, chapisha namba za hatua kumi za mwanzo za kila mmoja, uziweke bega kwa bega. Zikifanana, zima mashine kwanza, ndipo utafute mstari wenye kosa, maana kodi inahesabiwa kwa saa.