Mdeni na Fedha Yake Iliyo Benki

Dawa ya deni ni kulipa: neno hili twalijua sote tangu utoto. Lakini liko swali ambalo mithali hii hailijibu. Mtu ana madeni, na fedha kidogo aliyo nayo imo benki. Je, ni haki aikinge isichukuliwe na wadai wake? Wengine husema, "Ni haki, maana watoto hawali ahadi." Wengine husema, "Ni wizi, maana fedha ya mdeni si yake tena." Sisi twaona ya kuwa kila upande umeshika nusu ya kweli, basi na tuyapambanue.

Kwanza tutazame Ujerumani. Huko mshahara hulipwa katika akaunti ya benki, na mdai aliyeshinda daawa aweza kupata amri ya kuikamata akaunti hiyo. Hapo mdeni hukosa hata fedha ya mkate. Kwa sababu hiyo, tangu tarehe 1 Julai 2010, sheria yao humruhusu mtu kuitaka benki igeuze akaunti yake kuwa akaunti yenye kinga. Mwanzoni kiasi kilichokingwa kilikuwa Euro 985.15 kwa mwezi, na mwenye watoto wa kulisha aliweza kuongezewa. Kinachozidi chaweza kuchukuliwa na wadai. Tena mtu haruhusiwi kuwa na akaunti ya namna hii zaidi ya moja.

Wazo hili si geni. Torati ilikataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, na vazi la maskini lililowekwa rehani lilipaswa kurudishwa jua likichwa. Sheria ya Kenya nayo hairuhusu mdeni kunyang'anywa vyombo vya kupikia, kitanda, wala zana za kazi anazozihitaji. Maana yake ni moja: aliyenyang'anywa jembe hawezi kulima, na asiyelima atalipa nini? Kinga ya namna hii humfaa hata mdai mwenyewe.

Sasa tutazame upande wa pili. Mnamo mwaka 1601 huko Uingereza palikuwa na mtu aitwaye Pierce, mwenye deni la pauni 400 kwa Twyne na pauni 200 kwa mtu mwingine. Huyu wa pili alipomshtaki, Pierce alimwandikia Twyne kwa siri hati ya kumpa mali yake yote, yenye thamani ya pauni 300. Lakini mali haikutoka kwake: kondoo aliwakata manyoya, akawatia alama yake mwenyewe, na baadhi ya mali akaiuza. Waamuzi wakakata kuwa hati ile ni hila, nayo haina nguvu, kwa sheria ya mwaka 1571 iliyokataza kuwakimbizia wadai mali. Basi mtu ahamishaye fedha yake katika akaunti ya nduguye siku chache kabla ya daawa, kisha akamtuma nduguye amtolee kidogo kidogo, ana tofauti gani na Pierce?

Kinga ya haki husimama mchana: mdai aijua, mwamuzi aijua, na kipimo chake ni chakula cha nyumba. Hila hutaka giza, wala haina kipimo.

Labda mtu atasema, "Mdai wangu ni tajiri, hataona njaa." Lakini si wadai wote walio matajiri. Yuko mjane aliyekopesha fedha ya mbegu. Yuko fundi aliyeezeka nyumba asilipwe. Watoto wao nao hawali ahadi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwenye deni asingoje kukamatwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na amwendee mdai wake, amwonyeshe alicho nacho, atenge posho ya watoto mbele ya macho yake, na kinachobaki waagane kilipwe kila mwezi kwa siku yake, hata kikiwa kidogo.