Mkubwa wa Kazi Akiwa Mwalimu

Je, mtu aliyeongoza kampuni miaka mingi, akiacha cheo chake ili afundishe elimu ya biashara katika chuo kikuu, amepanda au ameshuka?

Mjini Bukavu kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki, kilichoanzishwa mwaka 1989, ambamo hufundishwa uchumi na usimamizi. Katika vyuo vikuu vya Kongo, asiye na shahada ya udaktari haitwi profesa. Huanza kama msaidizi, pengine chini ya watu waliomzidi elimu lakini aliowazidi umri. Jana alitoa amri, leo huulizwa: «Umejuaje?»

Ofisini neno lake lilitosha. Katika utafiti halitoshi. Akisema kwamba akina mama wauzao sambaza katika soko la Kadutu hawajui hesabu, sharti aende kwao, aketi, aulize, ahesabu. Akikuta kwamba hesabu yao yote wameishika kichwani, hana budi kuandika aliyoyaona, wala si aliyoyadhani.

Je, miaka yake ya kazi imepotea bure? Hasha. Anajua uchungu wa kulipa mishahara katika mwezi usioleta fedha, na jambo hilo kitabu peke yake hakilifundishi. Lakini kampuni moja si biashara yote.

Basi jibu ni hili: kwa cheo ameshuka kweli, na asiposhuka kwa moyo pia, hatafundisha kitu. Vivyo hivyo mzee aliyelima maharagwe miaka arobaini: akikubali kuulizwa na kijana, ujuzi wake hautazikwa pamoja naye.