Kukatwa Ili Kujua

Kisu cha daktari kina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kuondoa kilichoharibika ili mwili upone. Jipu, jino bovu, utumbo uliojisokota. Ya pili wengi hatuifikirii, nayo ni kukata ili kujua. Mtu anapasuliwa mahali fulani si kwa sababu ugonjwa umeonekana pale, bali kwa sababu huenda upo, na njia nyingine ya kuhakikisha haijapatikana. Hii ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi mwaka huu, nami nimeamua kuiandikia ingawa wahariri wetu wamezoea kuletewa mashairi ya mapenzi. (Nimewaletea na ya kwangu, wasije wakalalamika.)

Swali langu ni hili, ndugu msomaji: je, ni haki kumpasua mtu kwa ajili ya habari? Na habari hiyo ikishapatikana, ni mali ya nani?

Sitaki tuongee hewani, kwa hiyo nachukua mfano mmoja, wa kansa ya tezi dume. Tezi hii mwanamume anayo chini ya kibofu cha mkojo, ndogo kama ndimu changa, na kwa kawaida hana habari nayo mpaka uzeeni inapoanza kumsumbua. Kansa ikiota humo na ikawa bado haijatoka nje, mpasuaji anaweza kuing'oa tezi nzima na mambo yakaisha. Kasheshe ni hilo neno "bado". Nani ataapa kwamba haijatoka? Seli za kansa huponyoka zikafuata mirija ya limfu, yale majimaji yanayozunguka mwilini nje ya damu, kisha zikanasa kwenye tezi ndogondogo zinazochuja majimaji hayo. Tezi za aina hiyo tunazijua vizuri huku uswahilini. Ukiwa na kidonda cha mguu zikakuvimba kinenani tunasema umepata mtoki. Lakini zile zinazopokea limfu ya tezi dume zimejificha ndani zaidi, kwenye nyonga, kando ya mishipa mikubwa ya damu iendayo miguuni.

Basi mpasuaji akiwa humo ndani anazichuna tezi hizo pamoja na mafuta yake, zinapelekwa kwa mtaalamu wa hadubini, naye anatafuta humo seli ngeni. Jibu lake ndilo linalosema ugonjwa umefika hatua gani. Jina la kazi hiyo ni kupanga hatua. Halitwi tiba.

Utaniuliza, kwani picha hazipo? Zipo. Tatizo la picha za kawaida ni kwamba zinaangalia ukubwa, na tezi yenye seli chache tu za kansa inaonekana nzima kama jirani yake. Siku hizi kuna picha ya kisasa zaidi iitwayo PSMA PET. Mgonjwa anadungwa dawa yenye mionzi kidogo ambayo hukimbilia kwenye protini iliyo juu ya seli za kansa ya tezi dume, kisha mashine inaangalia inapowaka. Mwaka 2020 Waaustralia walitangaza matokeo ya wanaume 302: picha hii ilipatia kwa asilimia 92, zile za zamani kwa asilimia 65. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Marekani ikaanza kuiidhinisha. Watu wakashangilia. Lakini mwaka 2021 madaktari wa California walitoa habari za wanaume 277 waliopigwa picha hiyo kisha wakapasuliwa. Kati ya wale ambao hadubini iliikuta kansa kwenye tezi zao, picha ilikuwa imewaona kama 40 tu katika kila 100. Kwa asiye na kansa kwenye tezi hizo, ni mara chache inasema "ipo". Ikisema "sioni kitu", usilale usingizi mzito. Kwa hiyo kisu bado kinaona kuliko mashine, na ndiyo maana swali langu halijafutwa na maendeleo.

Kuna desturi moja ya zamani ambayo ningekuwa na uwezo ningeiandikia riwaya. Katika miaka ya 1980 na kuingia ile ya 1990, wapasuaji wengi walikuwa wanaanza na zile tezi za nyonga. Mgonjwa yuko kwenye nusukaputi, tumbo liko wazi, tezi zinakimbizwa maabara, zinagandishwa na kukatwa vipande vyembamba, na wote chumbani wanasubiri. Simu ikirudi na jibu "safi", kazi inaendelea na tezi dume inatolewa. Jibu likiwa "ipo", wengi walikuwa wanashona tumbo na kuacha kila kitu mahali pake. Hoja yao ilikuwa ya huruma: kama ugonjwa umeshatoka nje, kwa nini umwongezee mtu mateso ya kuvujwa na mkojo na kupoteza nguvu za kiume, bila faida?

Sasa mfikirie huyo mtu anapozinduka. Hajaambiwa neno. Anapapasa tumbo, anakuta mshono. Akimuuliza nesi saa, akaambiwa ni mapema kuliko alivyotarajia, tayari amejua. Amekatwa kweli, kidonda kinamuuma kweli, lakini alichopata ni habari peke yake. Na watu wapatao sita, waliovaa vitambaa usoni, wameijua habari hiyo kabla yake wakati yeye amelala mdomo wazi. Baadaye desturi ile ilififia, kwani madaktari walianza kuona kwamba walioendelea kutolewa tezi dume hata baada ya jibu baya walielekea kuishi zaidi. Hilo ni la kitaalamu. Mimi kinachonikaa moyoni ni ile nusu saa ya kusubiri simu.

Tusiwaonee madaktari lakini. Kuna wakati habari ni uhai. Mwaka 1999 yalichapishwa Marekani matokeo ya wanaume 98 ambao, baada ya kutolewa tezi dume, walikutwa na kansa kwenye tezi za nyonga. Kwa kura, wengine walianzishiwa mara moja matibabu ya kuzima homoni za kiume, wengine wakaachwa waangaliwe mpaka ugonjwa ujitokeze. Baada ya miaka kama saba, walioanza mapema walikuwa wamekufa 7 kati ya 47. Walioangaliwa tu walikuwa wamekufa 18 kati ya 51. Mbele ya hesabu hiyo huwezi kusema eti kujua hakuna maana. Bila kuzikata zile tezi, nani angejua wa kumwanzishia dawa?

Upande mwingine wa mizani kuna gharama. Limfu isiyo na pa kupita inaweza kujikusanya nyongani ikawa mfuko wa maji. Mguu unaweza kuvimba na usirudi. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa. Katikati ya tezi hizo unapita mshipa wa fahamu unaoivuta miguu ikutane, na ukiguswa vibaya mguu unalegea. Je, kukata zaidi kunaponya zaidi? Majaribio mawili yaliyotangazwa mwaka 2021, moja la Brazil lenye wanaume 300 na lingine la New York lenye 1,440, yalilinganisha kuchuna eneo dogo na kuchuna eneo pana, na kurudi kwa ugonjwa kwa kipimo cha damu hakukutofautiana. Wapo wapasuaji wanaoshikilia kwamba faida huonekana baadaye, kwa kansa kupunguza kusambaa mbali, na mabishano hayo hayajafungwa. Lakini hakuna anayeweza kumwambia mgonjwa kwa moyo mweupe, "Tezi hizi nakutoa ili upone." Anachoweza kusema ni "Nakutoa ili tujue."

Na hapo ndipo inapoingia namba. Madaktari wa Milan walitengeneza hesabu ya kukadiria uwezekano wa kansa kuwa imeingia kwenye tezi, kwa kutumia kipimo cha damu cha PSA, vinyama vilivyotolewa kwa sindano na mambo mengine. Kwa miaka mingi mwongozo wa Ulaya ulitumia asilimia 5: uwezekano ukizidi hapo, chuna. Ebu igeuze namba hiyo kwa Kiswahili cha sokoni. Pale mpakani, katika wanaume 20, kumi na tisa wanachunwa na hakuna kinachokutwa, ili apatikane mmoja. Sisemi ni kosa. Nasema namba 5 haikushuka na mvua. Kuna watu waliokaa wakapima wangapi wavimbe miguu kwa ajili ya wangapi wajulikane, na kipimo hicho si cha sayansi peke yake, ni cha maadili. Ajabu ni kwamba mgonjwa anaipokea kama joto la mwili, kitu kilichosomwa kwenye chombo.

Yote haya nisingeyasoma kama si baba mkubwa. Ni fundi cherehani, yuko barazani kwake Temeke tangu sijazaliwa, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Aligundulika mapema, jambo ambalo hapa kwetu ni bahati, maana wazee wengi wanafika hospitali kansa imeshaingia mifupani na wala hakuna cha kuchagua. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeshikwa shati kila Kiingereza kikitokea nyumbani (kidato cha nne, biolojia nilipata C, lakini kwao ni profesa), nilikwenda naye kumwona daktari bingwa. Daktari yule alikuwa muungwana. Alichora kwenye karatasi, akasema ile picha ya kisasa Nairobi ipo lakini ni ghali, akasema kwa hesabu zake uwezekano wa tezi kuwa na kitu ni kama mmoja kati ya kumi na wawili, na kwa hiyo angependa azitoe.

Baba mkubwa alinyamaza, akauliza, "Daktari, ukikuta ugonjwa humo, utanifanyia nini ambacho hutanifanyia usipoukuta?"

Akajibiwa kwamba huenda angeshauriwa mionzi na dawa za homoni mapema. Na kama zisipotolewa, atapimwa damu kila miezi kadhaa, PSA ikianza kupanda watachukua hatua.

"Na miguu yangu?"

Daktari alimweleza bila kuficha. Baba mkubwa akasema toeni tezi dume, hizo nyingine ziacheni.

Nyumbani palichafuka. Shangazi alikuja juu na methali mkononi, mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nikamtetea mzee: methali inamsema anayeficha anachokijua. Haimsemi anayekataa kupasuliwa ili atafutiwe asichokijua. Mwili wake, habari yake, na miguu ndiyo inayomlisha. Nilijiona nimesema la maana sana. Ndipo mama mkubwa, aliyekuwa kimya anachambua mchele, akasema, "Habari hiyo si yako peke yako, baba Saidi. Ikitoka huko ndani mwaka kesho, nani atakuuguza? Ningetaka kujua nijipange."

Nimelizunguka neno lake wiki nyingi. Shuleni na vitabuni tunafundishwa kwamba ridhaa ni ya mgonjwa, naye ni mmoja, anatia sahihi peke yake. Lakini kwetu ugonjwa haulali kitanda cha mtu mmoja. Mke anaacha biashara, mtoto anaacha masomo, kiwanja kinauzwa. Kama wengine wanalipa, je, hawana haki ya kujua wanacholipia? Ukiniuliza leo, nasema wana haki ya kuambiwa kilichokwisha kujulikana. Haki ya kuamuru mtu akatwe ili kijulikane, hawana. Kati ya mambo hayo mawili kuna ukuta, nami nauona, ingawa mbele ya mama mkubwa na ungo wake sikupata ujasiri wa kuueleza. Yeye angeniuliza nimewahi kumuuguza nani.

Na simhukumu anayechagua kinyume. Yupo mtu ambaye kutojua kwenyewe ndiko kunakomuua, hali, halali, anataka hadubini ipite kila kona. Kwake mguu kuvimba ni bei nafuu. Huyo akatwe. Nachokataa ni kukatwa kwa mazoea, kwa kuwa tumbo limeshafunguliwa na mwongozo umesema.

Fomu aliyotia sahihi baba mkubwa nimeisoma mara tatu. Ilikuwa na mstari mmoja: nakubali upasuaji na yote yatakayoonekana ya lazima. Mle ndani kutibu na kutafuta vimelazwa kitanda kimoja. Daktari ilibidi achukue kalamu yake mwenyewe, aandike pembeni kwa mkono kwamba tezi za nyonga zisiguswe, na wote wawili wakatia sahihi ndogo hapo. Ningependa mistari iwe miwili, kila mmoja na nafasi yake ya sahihi, na mtu aulizwe akiwa macho, amevaa nguo zake, wa kumtafsiria akiwa kando yake.