Aliyeibiwa Yuko Wapi?



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya mchezo. Kijana mmoja wa darasa la Kipaimara alituonyesha katika simu yake, nasi tukaketi naye tukatazama.

Mchezo huo waitwa Torn, ambalo ni jina la mji usiokuwapo duniani. Ulitoka Uingereza mwaka 2004, nao huchezwa kwa kusoma maneno na kubonyeza. Waingia mjini huna kitu. Waanza kwa kutafuta fedha zilizoanguka, kisha kuiba vitu vidogo madukani, kisha kuchomoa mifukoni mwa wapita njia. Kila wizi wapunguza ujasiri wako, lakini ujasiri huo warudi wenyewe, kidogo kidogo, kila dakika tano. Ukikamatwa wafungwa kwa muda mfupi tu, na mchezaji mwenzako aweza kukulipia dhamana, au hata kukutorosha. Mengi yameandikwa kwa mzaha. Hatutawaficha: tulicheka.

Hatuandiki ili kuwatisha wazazi. Hatujapata kumwona mtoto aliyegeuka mwivi kwa kubonyeza simu. Lakini tulipofika nyumbani swali moja lilitukaa moyoni: katika mji ule, aliyeibiwa yuko wapi? Mfuko wachomolewa, fedha zahesabiwa, na mwenye mfuko hatajwi tena. Hana jina, wala watoto, wala kodi ya nyumba.

Mjini kwetu sivyo. Mama auzaye nyanya akiibiwa fedha za leo, kesho hana cha kununulia mzigo, na watoto walala na njaa. Mungu alipotoa amri ya nane hakulinda mifuko. Alimlinda mama huyu.

Tena liko jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Katika mchezo mwivi ni sisi, nasi twamwombea atoroke. Bali sokoni ikipigwa kelele ya "Mwivi!", sisi hao hao twashika mawe. Kijana aliyeiba simu aweza kuuawa kabla hajaulizwa jina lake. Mchezoni tumemsahau aliyeibiwa; sokoni twasahau ya kuwa mwivi naye ana mama. Nasi tunaowaandikia haya tumepata kusikia kelele hizo, tukafunga dirisha. Mungu atusamehe.

Someni tena Luka 19. Zakayo alikuwa amejitajirisha kwa mali ya watu, na watu walimhesabu kuwa mwenye dhambi. Bwana Yesu alisimama chini ya mti ule akamwita kwa jina, akaingia nyumbani mwake. Ndipo Zakayo akawakumbuka wale aliowadhulumu, akaahidi kuwarudishia mara nne. Hakuambiwa na mtu arudishe. Aliyependwa aliona haya kuendelea kuwasahau wenzake.

Basi, wazazi, msimnyang'anye mtoto simu kwa hasira. Keti naye, cheka naye, kisha mwulize: huyu uliyemwibia ni nani, naye atakula nini leo? Nasi watu wazima tujiulize vivyo hivyo. Kipimo chetu dukani ni cha haki? Chenji tuliyozidishiwa tulirudisha? Mshahara wa msichana wa nyumbani tumeuchelewesha miezi mingapi? Kabla hatujaisogelea Meza ya Bwana, tumrudishie mwenyewe kilicho chake.

Na siku kelele itakapopigwa mtaani, Mkristo asiokote jiwe, wala asifunge dirisha. Atoke, awaite na majirani, wamfikishe mtu yule polisi akiwa hai. Bwana wetu mwenyewe alitundikwa kati ya wahalifu wawili, naye akamwahidi mmoja wao Paradiso siku ile ile.

Ee Bwana, utupe macho ya kumwona aliyeibiwa na aliyeiba, na moyo wa kurudisha tulivyochukua. Amina.